Bajeti Nyuma ya Ankara

Naandika nyuma ya ankara iliyoharibika.
Mbele yake bado inasomeka: pedi za breki, seti mbili,
Fuso, namba imemezwa na grisi.
Gerezani, saa saba na nusu, mafundi wamekwenda kula,
kikokotoo ni changu peke yangu.

Pasipoti. Laki na nusu, haina mjadala.
Chanjo ya homa ya manjano, na kadi yake.
Treni ya TAZARA, daraja la pili,
siku mbili kama haikugoma njiani,
tuseme tatu. Tuseme nne, na mkate wa siku ya nne.
Ndege niliulizia kwa adabu tu,
kama mtu anavyouliza bei ya kiwanja Masaki.
Mpaka niliowahi kuvuka mimi ni wa mkoa.

Alikuja kwa lori, Bwalya Namonje,
ndani ya redio ya Skania iliyotoka Tunduma,
gia imekwama, dereva kalala kwenye kivuli cha tela.
Fidelis akawasha swichi apime umeme
na mwanamke akaanza kuimba Kibemba
juu ya nati na oili chafu.
Nikakosea ankara ya mtu kwa elfu arobaini.
Nililipa mwenyewe, kidogokidogo, miezi miwili.

Miaka sita sasa naimba maneno nisiyoyajua.
Huenda anasifu muhogo. Huenda ananitukana.

Rudi kwenye hesabu.
Basi la kutoka Kapiri hadi Lusaka.
Kulala usiku mbili, gesti yenye komeo.
Kwacha: kila nikichungulia ubao wa duka la fedha pale Samora
shilingi yangu imekonda kuliko mimi.
Chakula: andika kidogo, nina uzoefu.
Viatu nitaazima vya Nsia,
ananizidi namba moja, nitaweka pamba.

Kwenye kikoba, Bi Sikudhani alishika kalamu:
"Mkopo wa nini, Tumsifu?"
Nikasema mtaji.
"Biashara gani?"
Nikasema, ya masikio.
Wakacheka hadi kisanduku kikatikisika,
wakanipa laki tatu, riba ileile.

Mama alipiga simu kutoka Same.
"Watu husafiri kwa masomo, kwa ndoa, kwa ugonjwa.
Wewe unaumwa nini?"
Sikuwa na safu ya kuandikia hilo.

Mtaka cha uvunguni huinama;
mtaka cha Lusaka huuza feni.
Februari, Tabata, nimeuza feni.
Joto linanikalia kifuani kama mdai,
najipepea kwa bajeti yenyewe.
Chipsi za Ijumaa nimekata.
Kifurushi cha wiki nimekifanya cha siku.
Kusuka nimeacha, nimenyoa,
jirani wawili wamenipa pole ya msiba
na mmoja akaacha buku tano. Nimeiandika: mapato mengineyo.

Jana nikajumlisha mara tatu, ikatoka sawa mara tatu.
Nikapiga mistari miwili chini, kama karani wa kweli,
nikampa Fidelis aone.
Alisoma polepole, kidole cheusi kikiacha alama kila mstari,
akafika mwisho, akageuza,
akasoma hata pedi za breki.

"Na kiingilio?"

Mashine ya upepo ikapumua upande wa pili.
Nilikuwa nimejiwekea akiba miezi kumi na minne
ya kwenda kusimama nje ya ukuta.

Basi nimerudi na kalamu nyekundu.
Kuna mstari mmoja mnono, sikuwahi kuugusa:
Zawadi.
Vitenge vya mama, vya Nsia, vya kikoba kizima,
fulana ya Fidelis,
kitu cha bosi ili asahau siku kumi.
Hela ya kuthibitisha kwamba ulienda.

Nimeufuta.
Nitashuka stesheni mikono mitupu
na mtaa mzima mtasema Tumsifu mchoyo.
Semeni.

Imebaki elfu nane.
Naongeza mkate wa siku ya tano.