Notisi ya Ghorofa ya Tatu

Ngazi hizi nilianza kuzipanda nikiwa na magoti mazima.
Leo nazipanda kwa vituo, kama garimoshi la mizigo:
ghorofa ya kwanza, kwangu, harufu ya kabeji na soseji;
ya pili, kwa akina Medeiros, viatu vinne vimelowa theluji mlangoni;
ya tatu, kwake.

Mfukoni nina notisi.
Siku kumi na nne. Mwanasheria alinitoza dola mia mbili
kwa aya tatu na muhuri.

Bwana Thibodeau Novemba hakulipa.
Desemba alilipa nusu, noti zimekunjwakunjwa kama za sadaka.
Januari kanipa maneno.
Maneno yake mazuri, sikatai, ila benki haili maneno,
wala mwenye lori la mafuta ya boila,
wala manispaa iliyonipandishia kodi
kwa sababu, wanasema, mtaa siku hizi unapendeza.

Kuna watu husema mwenye nyumba hulala tu, pesa zikamfuata.
Waje walale kwangu.
Saa nane usiku simu inalia: bafu la juu limefurika,
dari la Medeiros limevimba kama shavu lenye jino bovu,
na mimi napanda na ndoo, gauni la kulalia,
na buti za marehemu mume wangu, namba mbili zaidi ya mguu wangu.
Mwaka juzi binti wa chuo alihama gizani,
akaniachia deni la umeme, paka,
na ukuta mzima kaupaka rangi nyeusi.
Nimeupaka nyeupe mara tatu; weusi bado unachungulia.
Paka ninaye.

Nagonga.
Anafungua akiwa na koti, skafu, kofia ya sufu.
Anatoka, nikadhani. Afadhali. Nitalisema hapahapa mlangoni, nishuke.
"Ingia, Delfina. Samahani kwa baridi."

Jikoni mlango wa oveni uko wazi,
gesi inaunguruma, kiti kimevutwa mbele yake
kama watu wavutavyo kiti mbele ya televisheni.
Naweka kiganja juu ya rejeta.
Pua ya mbwa.

"Tangu lini?"
Anatazama soksi zake.
"Tangu Sikukuu ya Shukrani."
"Na hukuniambia?"
"Ningeanzaje? Nadaiwa."

Na mimi huko chini, wiki zote hizo,
nilikuwa nikifungua dirisha kwa joto.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
lakini hiki ni changu, nimekinunua mimi.

Napiga magoti, yananilalamikia.
Natia kifunguo kidogo cha kutolea hewa:
rejeta inakohoa, inatema maji meusi, inanyamaza.
Si hewa. Ni vali.
"Una karatasi, niandike saizi?"
Anapekua droo. Hana.
Natoa ile iliyomo mfukoni, naigeuza nyuma, palipo peupe.
*Vali. Nusu inchi. Kabla ya Ijumaa.*

Karatasi nyepesi, wino umepenya.
Namwona akisoma kinyumenyume jina lake mwenyewe.
Hasemi kitu.
Nami sisemi.

"Bado unadaiwa," namwambia nikiwa nimefika kizingitini.
"Najua."
"Na hiyo oveni izime, utatuua nyumba nzima."
Anaizima. Baridi inakaa kwenye kiti chake.
"Nina hita ndogo. Nitakuletea."

Nashuka.
Notisi imo mfukoni, haijakabidhiwa, haijachanwa.
Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo wasemavyo;
hawakusema mwenye kudai
ale nini kati ya harusi na matanga.

Ghorofa ya pili mlango unafunguka kidogo.
Mama Medeiros, taulo begani, sauti ya maji nyuma yake.
"Senhora Delfina, una dakika?"

Nashika ukuta, napumua.
"Ninayo moja."