Kifuniko

Kila Alhamisi saa mbili usiku
mama hufunga mlango wa jikoni, huzima simu,
na Tunahan, msanifu majengo, huingia sebuleni kwetu
hapa Karşıyaka, kavaa koti jeusi refu
lisilojua vumbi la saruji.

Hachori. Hutazama dirisha.
Nje, Istanbul yote imewashiwa taa kwa ajili yake.
Kisha hushika penseli: mstari mmoja, miwili,
karatasi huifinyafinya, huitupa,
mapenzi yamemkwama kooni.
Kabla ya tangazo la sabuni
jengo limekwisha kusimama, ghorofa ishirini,
na hakuna aliyeuliza choo kiko wapi.

Mama hunigeukia: “Si nawe ni mbunifu?
Mbona sijakuona ukichana karatasi?”

Nimwambie nini?
Kwamba miezi kumi na mmoja
nimekesha na meno ya plastiki, nusu milimita,
katika kiwanda cha Manisa kinachonuka mpira ulioungua?
Kwamba sampuli ya thelathini na nane
mtoto wa Gülseren wa stoo aliifungua huku akicheka,
na ya thelathini na tisa
ilimshinda baba yake Gülseren, akaing’ata kwa meno yake machache,
akanitazama kama kwamba nimemtukana?
Kwamba mkutano wetu mkali kuliko yote
ulihusu sauti: kifuniko kilie au kinyamaze?
Nani atailipia tamthilia hiyo?
Nani atapiga fidla juu ya meno ya plastiki?

Basi nasema, “Karatasi ghali, mama.”
Anacheka. Tangazo linaisha.

Tunahan karudi. Kagombana na tajiri,
kauvunja kwa ngumi mfano wa jengo, ule mweupe
(kuna mtu, najua, aliyeuunga kwa gundi na kibano wiki tatu;
jina lake hupita mwishoni, mbio, herufi kama chawa).

Mkono wa mama unatambaa mezani,
vidole vimepinda kwa baridi yabisi,
unaipapasa chupa ya dawa ya presha.
Haitazami. Kiganja kinabonyeza, kinazungusha.
Tak.
Kidonge kimoja, funda la maji, kifuniko mahali pake.
Tak.

Navuta pumzi niseme.

“Nyamaza kwanza,” ananiambia, macho kwenye runinga,
“anaanza kuchora.”