Soketi ya Kushoto

Asheri Masinjila,
tumekuzika Jumanne saa nane, upepo ukivuma,
ule wa Agosti, unaotia mchanga hata kwenye meno ya mhubiri.
Wasifu wako ulisomwa kwa dakika nne.
“Marehemu alikuwa fundi redio, pia mpiga gitaa.”
Pia.
Nimelala na neno hilo siku tatu.

Mimi ndiye niliyechomoa plagi.
Wenzangu wameshasahau. Mimi nakumbuka hata ukuta:
soketi ya kushoto, chini ya picha ya askofu,
ina ufa, inacheza.
Ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Magunia ya uwele mbele ya madhabahu,
karai la zabibu, kuku wawili wamefungwa miguu,
nawe ukakanyaga kile kidude chako
ulichokiunda kwa kopo la maziwa ya unga,
gitaa likanguruma kama lori la chumvi likipanda Sekenke.
Kuku wakapiga kelele.
Mama Sechelela akaziba masikio kwa khanga.
Mzee Chiwanga akanitazama, hakusema kitu,
alinyanyua nyusi tu.
Nikaenda. Nikainama. Nikavuta.

Hukusimama.
Nyuzi kavu zikalia kama panzi,
na sauti yako, isiyo nzuri, tuseme kweli,
sauti ya mtu anayeita ng’ombe ng’ambo ya korongo,
ikaendelea kuuliza peke yake
kwa nini Mungu alimjibu Ayubu kwa kisulisuli
na si kwa kwaya.

Barazani ulikuja na shati la mikono mirefu.
Wakauliza, hiyo roki ni nini?
Ukaonyesha dirishani, kile kilima cha mawe nyuma ya shule:
“Roki ni mwamba. Na Petro je, jina lake lina maana gani?”
Walicheka wawili.
Mimi nilikuwa naandika muhtasari.
Niliandika: kijana aonywe.
Hukuwa kijana. Ulikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Babu yako, nimesimuliwa,
alinyang’anywa zeze mlangoni siku ya ubatizo,
likabaki nje pamoja na hirizi na kibuyu cha pombe.
Leo wageni wakija
zeze ndilo linalotangulia maandamano, limefungwa utepe,
nasi twatabasamu: karibuni, huu ndio urithi wa Wagogo.
Ulinikumbusha hilo mara moja tu,
ukinitengenezea redio pale Majengo,
hukuinua macho, moshi wa kulehemu puani.
“Subiri,” ukasema. “Na hili litafika.”
Nilikuwa na haraka. Sikukulipa.
Elfu tatu na mia tano.

Ndahani, mpiga ngoma wako, hakuruhusiwa kuleta ngoma makaburini.
Tulipoanza kumwaga udongo nilimwona akihesabu kwa midomo,
moja, mbili, tatu, nne,
kisha pakawa kimya
pale ulipopaswa kuingia.
Akahesabu tena.
Kisulisuli chembamba kikapita kati ya misalaba,
kikanyanyua mfuko wa plastiki, kikauzungusha, kikauacha.
Sisemi ni ishara. Dodoma kila siku kuna vumbi.

Mkeo Damari alileta gitaa kanisani jana.
“Nyumbani watoto watalivunja,” akasema,
“na wewe una ufunguo wa stoo.”
Nilitaka kumwambia. Nikamwambia asante.
Nikamhesabia elfu tatu na mia tano, akashangaa, akazipokea.

Usiku huu nimerudi peke yangu.
Viti vimepinduliwa, sakafu inanuka dawa ya mchwa.
Nimeinama tena palepale, magoti yakilia,
nikachomeka.
Spika ikatoa ule mvumo mdogo unaotangulia sauti,
kama mtu aliyevuta pumzi
hajaamua bado aseme nini.
Sijui kupiga. Sikugusa uzi hata mmoja.
Nilikaa kwenye benchi la wazee wa kanisa
nikausikiliza
mpaka Luku ikaisha.