Gia ya Nyuma

Nililikuta Kibosho, nyuma ya ghala la kahawa,
limeegemea ukuta kama mtu aliyeambiwa asubiri.
Trekta dogo, la bustani, kimo chake kiunoni mwangu.
Kuku alikuwa ametaga chini ya kiti.
Mama Nderakindo akatoa mayai kwanza, moja moja,
akayapakata kwenye kanga,
ndipo akataja bei.

Laki nne na nusu. Nikasema mbili na themanini.
Akasema tairi peke yake zina thamani hiyo.
Nikamwonyesha tairi: nyasi zimeota ndani ya ufa.
Tukakutana kwenye tatu na ishirini,
na mayai mawili juu, nyongeza.

Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri Posta,
barua za watu, vifurushi vya watu.
Hela zilipotoka, kaka yangu Ndelilio alikuwa na hesabu tayari:
bati, ng'ombe, ada ya mwanawe.
Nilipompigia kumwambia nimenunua nini
alinyamaza mpaka salio langu likaisha.

"Kihambani utalima wapi?" wakauliza majirani.
Kweli. Kihambani migomba imesimama bega kwa bega,
hata toroli hupita kwa kuomba radhi.
Lakini nina ekari moja Mabogini, kule tambarare,
na jembe la marehemu mama, mpini umelika kwa umbo la kiganja chake.
Kiinua mgongo, wanakiita.
Basi nami nikataka kiuinue kweli.

Fundi Mshanga wa Majengo alikuja na spana tatu.
Akavuta kamba. Kamba ikakataa.
"Imekamata," akasema, kama daktari anayefunga faili,
akaondoka na nauli yangu.

Nikafungua plagi, nikamimina dizeli kijiko kwa kijiko,
kama kumnywesha mgonjwa asiyejua ananyweshwa.
Siku ya kwanza. Ya pili.
Jumapili mchungaji alinipa mkono,
akanusa wake, kisha akanitazama.
Siku ya sita nikashika gurudumu la injini kwa mikono miwili
na kutamka neno ambalo mama alilisema mara moja tu maishani,
kwa ng'ombe.
Likasogea. Upana wa ukucha.
Nikakaa kwenye majani makavu, nikacheka peke yangu.

Kabureta ilijaa kitu kama ugali wa jana.
Ndani ya ekzosi nyigu walikuwa wamejenga mtaa mzima.
Tangi nililitikisa na kokoto na maji ya moto
hadi mabega yakaomba likizo.
Mkanda niliupata Kiboriloni, chini ya rundo la sketi,
kwa kijana aliyeniuzia kwa bei ya mshipi wa suruali.

Alhamisi. Mlima haukuonekana siku hiyo, wala sikuuhitaji.
Nikavuta. Kikohozi.
Nikavuta. Kikohozi, na nyigu mmoja aliyesahaulika.
Mara ya tisa, sauti!
Si ya kupendeza: masufuria yanayogombana,
na moshi wa buluu ukameza mgomba wa kwanza, wa pili.
Nikapanda. Nikatia gia. Likaenda nyuma.
Nikatia nyingine. Nyuma.
Likarudi kinyumenyume kwa adabu zote,
kama mtu anayetoka mbele ya mangi,
mpaka katikati ya maharage ya Elinaike,
aliyekuwa amesimama na ndoo,
asiseme pole, asiseme hongera.

Ndelilio alikuja Jumamosi kuiona aibu.
Alilizunguka mara mbili, mikono mgongoni.
Akagusa boneti. Akauliza bei, nikapunguza.
Kisha akavua shati la ofisini, akalitundika kwenye mgomba,
akalala chali chini ya sanduku la gia, miguu nje.
"Nipe namba kumi na nne."

Nikampa kumi na tatu kwanza,
makusudi,
nimsikie akilalamika.