Kifungu cha Saba

"Paka wa kununua?" Mwanamkuu alicheka
hata akaliweka chini karai la mahamri.
"Shuka Marikiti, penye vichwa vya samaki,
umwokote umtakaye. Hata rangi utachagua."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshakwenda Tudor
mara mbili, na mara zote mbili
nimerudi mikono mitupu.

Mara ya kwanza Bi Shamsa hakunionyesha paka.
Alinionyesha kiti.
Nyumba ni yako au ya kupanga?
Ghorofa ya ngapi? Madirisha yana wavu?
Ukienda Lamu kula Idi, nani atabaki naye?
Nilipoposwa sikuulizwa nusu ya hayo,
wala upande wetu haukumuuliza mtu.

Mara ya pili niliwaona: watano,
juu ya leso kuukuu,
mama yao kajikunja pembeni kama alama ya mabano.
Wa kijivu, mwenye doa la chai kidevuni,
alikuja akaninusa kidole, akapiga chafya.
Nikafungua kibeti. Bi Shamsa akatikisa kichwa.
"Hajatimiza wiki kumi na mbili.
Mamake bado anamfunza kuficha kucha.
Rudi mwezi ukiandama."

Mwezi umeandama. Karatasi mbili, nakala sawa,
zimelazwa mezani chini ya kopo la chai
zisipeperushwe na feni.
Tarehe ya kuzaliwa. Chanjo, na muhuri wa daktari wa mifugo.
Jina la mama. Jina la baba.
Bei, kwa tarakimu na kwa maneno.
Akiugua ndani ya siku kumi, gharama ni ya mfugaji.
Akifika miezi sita, afungwe kizazi.

Kifungu cha saba nilikisoma mara tatu:
*Mnunuzi akishindwa kumtunza, kwa sababu yoyote ile,
hatamuuza, hatamgawa, hatamtupa.
Atamrudisha kwangu. Hataulizwa kwa nini.*

Feni ikazunguka.

Nina karatasi nyingine, kabatini,
chini ya doti ambayo sijaipindia.
Mistari miwili na nusu. Ililetwa na kijana wa dukani
nami nikipepeta mchele.
Haikusema nirudi wapi.
Kwetu nilikuta chumba changu kimepangishwa
kwa fundi wa saa, na fundi
alikuwa ameshalipa miezi mitatu.

"Kuna kosa?" aliuliza Bi Shamsa.
"Hapana. Mwandiko tu, mdogo."
Akanivulia miwani yake.

Nikatia saini, jina zima, la baba na la babu.
Akatia yake. Mpwawe Nasoro,
aliyekuwa uani akifungua redio ya mtu,
akaitwa awe shahidi, akaandika
kwa vidole vinavyonuka risasi iliyoyeyushwa.

Kikapu kililia kutoka Tudor hadi Ganjoni.
Kufika, akaingia chini ya kitanda, hakutoka.

Nakala yangu sikuitia kabatini.
Nimeibandika ubavuni mwa friji
mahali ambapo kifungu cha saba
kinalingana na macho yangu nikitafuta maziwa.

Baada ya isha Mwanamkuu alibisha,
mkononi sahani, ndani yake kipande cha changu
alichokichambua miba yote.
"Huyo wa kununua, naye hula?"
Nikamwambia azime taa, avue viatu.
Tukachuchumaa sakafuni, wazima wawili,
goti langu likilia, tukingoja.