Kipimo cha Kiwiko

Fundi Chidawali alikuja na futikamba kiunoni,
simu mkononi, na ndani ya simu majiko ya watu wengine:
meupe kama wodi, marefu kama kaunta ya benki,
katikati meza ya marumaru
ambayo haijawahi kuona ugali ukisongwa.
"Siku hizi Nkuhungu yote wanajenga hivi, mama.
Sentimita tisini kutoka sakafuni. Ndiyo kipimo."

Nikamwambia, kipimo kiko chumbani, kimevaa kanga.
Subiri nikilete.

Nikamshika mama mkwe mkono, nikamketisha
kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka Mvumi
mwaka ule macho yalipokataa kabisa
na daktari akakunja karatasi asiseme kitu.
Mama, kunja mkono kama unayekoroga uji.
Akakunja.
Hapo, fundi. Hapo penye kiwiko, piga alama.

Chidawali akaitazama alama, akanitazama mimi
niliye mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule,
akacheka kwa adabu.
"Hili litakuwa la watoto kuchezea."

Miaka mitatu mama huyu amekaa sebuleni
akizisikiliza sufuria zangu.
"Kitunguu kinaungua," na kweli kinaungua.
"Maji hayajachemka, usitie unga," na kweli bado.
Mwanamke aliyelisha wang'oa karanga ishirini
kwa chungu kimoja na kuni mbichi
leo analetewa sahani kama mgeni,
anasema asante.

Ile asante ndiyo iliyovunja ukuta.

Fedha zilikuwa za makochi. Ndahani alinuna siku mbili,
ya tatu akashika nyundo.
Tukaziba dirisha la mashariki, lile
lililotuungia mboga kwa vumbi kila Agosti,
tukatoboa jingine upande wa banda la kuku.
Mlango tukaupanua. Kizingiti tukaking'oa.
Pembeni tukaacha nafasi ya madumu manane,
maana bomba letu hutoa maji kama bahili atoavyo sadaka:
Jumanne, tena usiku, tena kidogo.

Vigae vilifika nusu, pesa ikaishia hapo.
Nusu nyingine saruji tupu, nayo ikawa bahati:
vidole vyake vilitoka penye utelezi
vikagusa penye ukwaruzo, akajua
huku kisu, kule moto.
Chumvi tuliipa kishimo ukutani.
Chidawali akakichonga juu.
Mama akapapasa, akapapasa,
akauliza, "Fundi, hapa anapika twiga?"
Kikazibwa. Kikachongwa upya.
Kovu la kile cha kwanza lipo hadi leo,
na mimi ndiye ninayelitazama,
liko sawasawa na macho yangu.

Jana nimerudi kazini saa kumi na mbili
nikakuta moshi mwembamba, mlango wazi,
Sechelela kaketi juu ya dumu anasoma hesabu kwa sauti
na bibi yake anamsahihisha bila kuliona daftari.
Ugali wa uwele umeiva. Mlenda unavutika.
Kidole cha shahada kimeungua, kinang'aa mafuta.
Nilitaka kusema neno juu ya kile kidole.
Nikanawa mikono.

Akanipakulia. Nikasema asante,
akaguna tu, kama mtu aliyeulizwa jina lake
nyumbani kwake mwenyewe.

Usiku nikaosha vyombo nimeinama
kama mng'oa karanga, mgongo ukinidai.
Jirani alichungulia wiki iliyopita akasema
jiko letu limechuchumaa.
Limechuchumaa, ndiyo.
Nina miaka arobaini na mitatu,
magoti yameanza kusema asubuhi,
na kila mwaka, nikijipima kwenye lile kovu,
nashuka kidogo.
Lisiondoke. Ninakuja.