Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima, husema watu,
ila watu hao hawajakesha na jedwali langu
usiku wa Juni, Ng'ong'ona, baridi ikipenya chini ya mlango
na upepo ukigonga bati kama mdai kodi.

Mashamba arobaini na manane ya zabibu, Mpunguzi hadi Hombolo,
vipimo mia mbili na kumi na viwili kwa kila shamba:
chumvi, boroni, magadi, rangi ya jani,
unyevu wa asubuhi, unyevu wa alasiri,
na vingine tulivyopima kwa kuwa mfadhili alileta kifaa.

Kijenzi kikuu cha kwanza kilitoka upesi.
Kila kipimo kimo, kila kimoja na kachembe kake,
nukta sifuri sita, nukta sifuri saba,
kama mchango wa harusi ambao hakuna aliyekataa kutoa
na hakuna aliyetoa cha maana.
Dokta Chibago akasoma, akavua miwani:
"Sasa nimwambie mkulima apime vyote hivi?"

Basi nikatafuta programu inayojua kusema sifuri.
Si ndogo sana, si karibu na.
Sifuri.

Ya kwanza ilikuwa bure, ila ilitaka kompyuta
ya enzi nilipokuwa darasa la nne.
Ya pili ilitaka leseni; kwa bei yake
ningenunua mbuzi sita mnadani Msalato
na chenji ikatosha nyama choma.
Ya tatu ilikubali kufanya kazi. Maelezo yake mstari mmoja:
weka lamda inayofaa.
Inayomfaa nani?
Nikakaza, vyote vikafa, safu nzima nyeupe
kama mbuga ya Bahi maji yakikauka.
Nikalegeza, vyote vikarudi,
kila kimoja na kachembe kake.

Alhamisi nikaenda Mpunguzi kuchukua udongo.
Sechelela alikuwa anapogoa, mkasi mkononi,
matawi yamelala miguuni pake kama nywele za kinyozi.
Anaacha macho mawili kila tawi.
Nikamuuliza amejuaje kuwa ni mawili.
"Nilifundishwa mawili," akasema.
"Jirani anaacha matatu. Mwaka jana alinishinda."
Akaendelea kukata.

Programu ya nne imeandikwa na mtu asiyeweka hata jina lake.
Sikuiamini. Nikaitungia uongo:
vipimo vitatu vya kweli, mia mbili vya kelele,
nikavichanganya kama pumba na uwele,
nikaiambia, pepeta.
Ikavileta vyote vitatu, na mgeni mmoja.
Mgeni nikamsamehe. Nani hajawahi kupepeta
akabaki na kijiwe?

Ndipo nikaipa jedwali lenyewe.
Saa saba usiku. Umeme ulikatika mara moja, ukarudi.
Katika mia mbili na kumi na viwili vikabaki vinne,
na vyote vinne ni vya alasiri,
na vyote vinne vilipimwa kwa kifaa namba mbili.

Nikafungua daftari la Ndahani, kurasa za Hombolo.
Mwandiko wake mzuri, mistari imenyooka,
na pembeni, kwa penseli, kadogo kadogo:
betri inasinzia.

Miezi mitano nimekuwa nikiisoma betri.
Ilikuwemo muda wote katika kile kijenzi cha kwanza,
imejificha nyuma ya mia mbili na nane
waliosimama naye bega kwa bega, hawana hatia,
kila mmoja amembebea kachembe.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akakohoa.
Kisha sikucheka.

Asubuhi nimepita Majengo, nimenunua betri kumi.
Muuzaji akaniuliza ni za redio?
Nikamwambia ni za zabibu, akanitazama.
Ndahani yuko nje anafunga ndoo kwenye pikipiki,
anapiga mluzi, hajui bado.
Sijapata namna ya kuanza.
Nimeshika daftari lake, kidole kiko kwenye ukurasa.